Nimepata kazi Chicago, baridi inaingia na sanduku langu limejaa vitenge

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Morogoro. Nilifika Chicago mwezi Mei, nakaa kwa kaka na wifi yangu. Mwezi Agosti nilipata kazi ya uhasibu kwenye shirika moja lisilo la kiserikali. Ofisi zetu ziko katikati ya jiji, sehemu wanayoiita Loop. Namshukuru Mungu, kazi naipenda na wenzangu ni watu wazuri.

Shida yangu ni nguo, na naomba usilione jambo dogo. Nilikuja na masanduku mawili: magauni ya kitenge, blauzi za pamba, sketi nyepesi, viatu vya wazi na suruali mbili za kitambaa. Siku ya safari mama alinikabidhi vitenge viwili uwanja wa ndege. Kimoja alikuwa ameshakishonesha gauni kwa fundi wake, kingine bado ni kitambaa, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. Wakati wa joto nilivaa nguo zangu bila wasiwasi. Sasa Septemba inaisha. Asubuhi kituoni nasubiri treni huku meno yanagongana. Ndani ya treni natoka jasho. Ofisini leo kiyoyozi, kesho hita. Saa ya chakula cha mchana jua linawaka utadhani niko Kihonda, na jioni upepo unatoka ziwani mpaka nashika gauni kwa mikono miwili.

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja ofisini aliniambia, tena kwa tabasamu, kwamba kila siku navaa kama ninayekwenda harusini. Sikujua nishukuru au ninyamaze. Tangu siku ile vitenge vimerudi sandukuni. Nazungusha zile suruali mbili, pamoja na sweta la wifi ambalo mikono yake inanifika kwenye vidole.

Halafu kuna shughuli tatu ambazo siwezi kuzikwepa. Katikati ya Oktoba tunakwenda na wenzangu kuzunguka majengo ya zamani siku nzima kwenye Open House Chicago. Wiki hiyohiyo kuna jioni ya filamu kwenye tamasha la filamu la kimataifa, tutatokea kazini moja kwa moja. Novemba kuna chakula cha jioni cha wafadhili wetu, na mwaliko umeandikwa vazi la kokteli.

Nilipita dukani nikaona koti kubwa la manyoya ya bata, dola 380. Muuzaji akasema nikichukua kadi ya duka lao nitapunguziwa asilimia 20 na nitalipa kidogo kidogo. Bajeti yangu yote ni dola 300, maana kila mwezi namtumia mama hela ya dawa na ada ya mdogo wangu. Wifi anasema nichukue tu. Kaka anasema nivae chochote, baridi haijui fasheni. Shangazi, nifanyeje? Au nikubali kwamba nguo za nyumbani zibaki za nyumbani?

Mgeni wa Upepo, Chicago

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya kazi.

Si jambo dogo hata kidogo. Mtu anayeingia ofisini huku akivutavuta mikono ya sweta la kuazima hawezi kukaa kwenye mkutano akasema analolijua. Niliishi jiji hilo miaka mingi kabla ya kurudi Tanga, na vuli yangu ya kwanza niliipitisha na jaketi moja la pamba, nikirudi nyumbani kila jioni na kichwa kinachouma kwa baridi. Aliyenitoa huko ni mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, tuliyekuwa tunasali naye. Mengi nitakayokuambia niliyapata jikoni kwake.

Tuanze na majira yenyewe. Kwetu vuli ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba. Huko ni wakati wa majani kugeuka rangi na kupukutika, na ugumu wake umeueleza mwenyewe bila kujua: siku moja ina hali ya hewa nne. Oktoba mchana wa Chicago hufika kama nyuzi 17 za Selsiasi, alfajiri inashuka mpaka kama 7. Novemba mchana ni kama 9 na alfajiri inakaribia sifuri. Usiamini joto la chumbani wakati wa kuvaa. Sheria ya jiji inawataka wenye nyumba wanaosimamia hita za wapangaji wao wahakikishe nyuzi 68 za Farenhaiti mchana, yaani 20 za kwetu, kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1. Unavaa ukiwa kwenye joto hilo, unajiona uko sawa, halafu mlango wa nje unafunguka.

Kwa hiyo koti la dola 380 liache lilipo. Lile ni koti la Januari. Oktoba utalivaa dakika kumi kituoni, halafu siku nzima utalibeba mkononi kama godoro. Na kadi ya duka usichukue. Hiyo asilimia 20 unapunguziwa mara moja, riba inakaa na wewe miezi na miezi, na wewe una mama mwenye dawa. Koti zito utalihitaji, sikufichi, lakini kuanzia mwisho wa Novemba. Tutalifikia.

Unachohitaji sasa ni nguo za kuvaa na kuvua. Tabaka la kwanza linalogusa ngozi liwe jepesi na la kubana kidogo. La pili liwe sweta au koti la suti. La tatu lizuie upepo na mvua. Kila moja liweze kuonekana peke yake bila aibu, kwa sababu utalivua mbele za watu: kwenye treni, ofisini, kwenye ukumbi wa filamu. Ndiyo maana sweta la wifi linakusumbua. Huwezi kubaki nalo ukiwa umependeza, na ukilivua huna mpango.

Kuhusu kitambaa, jifunze kusoma lebo ya ndani kabla ya kuangalia bei. Tafuta sufu, yaani kitambaa cha manyoya ya kondoo. Sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, ndiyo maana unatoka jasho kwenye treni, unashuka, na bado unabaki na joto. Pamba ikilowa jasho inapoa mwilini na inakutesa njia nzima. Pamba zako usizitupe, zivae chini ya sufu siku kavu. Yale masweta ya akriliki yanayong'aa dukani nakushauri uyapite. Baada ya kufuliwa mara chache yanaota vidonge kwapani na kiunoni, na kwenye treni yanakupika.

Sasa hela. Wewe ni mtoto wa Morogoro, umekua unachagua mtumba, na hapo una faida ambayo wenzako ofisini hawana. Sehemu ya nguo zinazofungwa kwenye belo na kufika soko la Karume, Dar, zinaanzia kwenye maduka ya nguo zilizotumika ya nchi hiyo uliyopo, kwa hiyo huko uko chanzoni. Nenda siku ya kazi asubuhi, vitongoji vyenye watu wenye nafasi, na nenda sasa, kabla baridi haijawakumbusha wengine.

Ukikuta koti la sufu, usilikimbilie kwa rangi. Lishike hivi. Kwanza mabega: mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega lako unapoishia. Mikono fundi atapunguza, pindo atapandisha, lakini bega likikosea kazi yake inazidi bei ya koti. Kisha linyanyue dhidi ya taa ya duka ukitazama kola, kwapa na viwiko. Ukiona mwanga unapenya kwa vitundu vidogo kama vya sindano, hao ni nondo, wadudu wanaotoboa nguo, rudisha. Ingiza mkono ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kifundo, maana bitana, kile kitambaa cha ndani, huanza kuchanika hapo. Nusa kola. Mwisho livae juu ya sweta na koti la suti, siyo juu ya blauzi, halafu inua mkono kama unayeshika bomba la treni. Likikubana mgongoni, liache kwa amani.

Hesabu yangu ni hii. Buti nzuri, mpya, hata dola 100. Koti la sufu la kufika magotini, la mtumba, 40. Koti jepesi la mvua lenye mkanda kiunoni, 30. Masweta mawili mepesi ya sufu, moja lenye shingo inayofunika koo, 20 kwa yote mawili. Suruali nyeusi au ya kijivu ya kitambaa cha sufu, 15. Soksi ndefu nzito za kufika kiunoni, jozi mbili, 25. Fundi, 30. Hiyo ni 260. Inayobaki 40 isikupite mkononi, kwa sababu kodi ya mauzo ya Chicago ni zaidi ya asilimia 10 na hailipwi kwa maneno, na utataka skafu na glavu.

Utauliza kwa nini buti ndiyo ghali kuliko vyote. Kwa sababu baridi ya mjini inaanzia miguuni, na kiatu cha mtumba kimeshajifunza mguu wa mtu mwingine. Chagua ngozi, soli ya mpira yenye meno, kisigino kifupi kipana, na jaribu ukiwa na soksi nene uliyokwenda nayo. Viatu vyako vya ofisini viache chini ya meza yako kazini. Angalia wanawake wa Loop asubuhi: wengi wanatembea na raba au buti, wanabadilisha wakishafika. Hakuna anayewashangaa. Siku ya mvua kali uliza wenzako wakuonyeshe Pedway, zile njia za chini kwa chini zinazounganisha majengo na vituo vya treni. Jengo lako likiwa jirani nazo, utafika na pindo kavu.

Sasa vitenge, maana naona hapo ndipo barua yako ilipokuwa inaelekea.

Aliyekuambia unavaa kama unayekwenda harusini simjui, na sitaki kumhukumu. Alitabasamu, huenda alikuwa anakusifu. Lakini hata kama hakuwa na nia njema, jibu siyo kufungia nguo sandukuni. Wapo Waswahili wa huko watakaokuambia kitenge ni cha kanisani, misikitini na kwenye sherehe zetu, ofisini uvae kama wenyeji. Mimi sikubaliani nao. Nimemwona mtu akiingia kwenye kikao na koti la kitenge juu ya sweta jeusi, na akaheshimika vilevile. Kinachotakiwa kwa ofisi ni kipimo: kitu kimoja tu chenye maua, vingine vyote vitulie. Gauni zima la kitenge na kilemba chake Jumanne asubuhi kweli linapiga kelele kuliko kazi ya siku hiyo. Sketi ya kitenge na sweta la rangi moja iliyotoka ndani ya ua lake, hilo ni vazi la kazi.

Tena rangi za majira hayo ni zetu. Angalia miti inavyogeuka: damu ya mzee, bizari, udongo mwekundu, kijani cha majani makavu, kahawia. Tandaza vitenge vyako kitandani mchana wenye mwanga wa dirishani, utazikuta zote. Chukua ile inayojirudia mara nyingi kwenye kitambaa, na hiyo ndiyo rangi ya sweta unayokwenda kuitafuta. Ukienda dukani bila kipande cha kitenge mkobani, utarudi na rangi inayokaribia tu, na inayokaribia ni mbaya kuliko isiyofanana kabisa.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo yule mama wa Bukavu alinionyesha. Kitenge ni pamba, na pamba ikivaliwa juu ya soksi ndefu za sufu inapanda. Unatembea hatua kumi, sketi imefika mapajani, unasimama kuivuta, unatembea tena. Dawa yake ni bitana. Mpelekee fundi sketi au gauni, mwambie aweke bitana laini inayoteleza, ishikwe kiunoni tu, chini ibaki huru, na iwe fupi kuliko nguo kwa upana wa vidole viwili. Nguo itaanguka vizuri, itaongeza joto, na haitapanda. Nilipovaa sketi yangu ya kwanza yenye bitana nilitembea kutoka kituoni mpaka ofisini mikono yote miwili mfukoni. Hewa ikiwa kavu sana na bado nguo inang'ang'ania, paka losheni kidogo juu ya soksi magotini.

Gauni alilokushonea mama usilikate. Weka bitana, basi. Kile kitenge ambacho bado ni kitambaa ndicho ushonee koti fupi la kiunoni, lenye bitana na vifungo vitatu, la kuvaa juu ya sweta jembamba. Huko ushonaji wa koti zima ni ghali mno kwa bajeti yako. Kama kuna ndugu anakwenda Tanzania Desemba, mpe kitambaa na vipimo, au uliza kwenye jumuiya, huwa hapakosi mama mwenye cherehani sebuleni. Hilo halina haraka.

Shughuli zako sasa. Siku ya Open House ni siku ya kutembea na kusimama kwenye foleni nje, maana majengo yanafunguliwa bure na watu ni wengi. Vaa suruali nzito ya jinzi, buti, fulana, sweta na koti la mvua, skafu iwe begani. Usivae kitu chochote kipya miguuni siku hiyo. Buti zianze kuzoeana na mguu wako wiki mbili kabla, hata ndani ya nyumba ukiosha vyombo.

Jioni ya filamu, vaa kazini ile suruali ya sufu na sweta la shingo ndefu. Saa kumi na moja jioni ingia msalani na mfuko mdogo: hereni kubwa, rangi ya mdomo, na skafu ya kitenge iliyokatwa kwenye upande wa kitambaa kile. Dakika tano. Ukumbi wa filamu unaweza kuwa baridi kuliko ulivyotegemea, kwa hiyo koti ingia nalo.

Chakula cha wafadhili ndipo gauni la mama linapotoka. Vazi la kokteli maana yake ni gauni la heshima lisiloburura chini, liishie gotini au chini yake kidogo. Jinzi hapana, na la kuburura hapana. Gauni lako likiwa na bitana, soksi nyeusi, viatu vyako vya kisigino na koti la sufu juu, umemaliza. Kumbuka saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kuanzia hapo jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Utatoka kwenda kwenye shughuli kukiwa giza na baridi kamili. Vaa buti njiani, viatu vikae mfukoni. Mlangoni mara nyingi kuna mtu wa kupokea makoti. Mpe koti pamoja na mfuko wa buti, atakupa namba, na wakati wa kutoka mwachie dola moja au mbili. Usiende kukaa mezani na koti mapajani kwa kuogopa litapotea. Nimefanya hivyo, na sikula kwa raha.

Hilo koti zito la Januari lianze kutafutwa mwishoni mwa Oktoba, mtumba vilevile, kwa hela ya mshahara wa mwezi huo. Mwambie wifi akusindikize, ana miaka ya baridi mwilini na macho yake yatakufaa. Na kwa kuwa alitaka uchukue lile la dukani, akishiriki kulichagua hili mtabaki vizuri nyumbani.

Kichwa nisikisahau. Kofia za sufu zinakula nywele zetu, hasa kwenye kingo. Nunua kofia kubwa kidogo, shonea ndani kipande cha satini kwa mkono. Ni kazi ya nusu saa. Masweta ya sufu yafue kwa maji baridi kwenye beseni, usiyakamue, yalaze juu ya taulo. Ukiyaingiza kwenye mashine ya kukaushia yatarudi mpaka yamfae mtoto wa kaka yako.

Jumamosi hii anza na buti na sweta moja la rangi ya kitenge. Jumatatu vaa sketi yako. Na ukibahatika koti ambalo halijawahi kuvaliwa, utakuta mpasuo wa nyuma umeshikwa na uzi wa alama ya msalaba, na mifuko imeshonwa. Hizo ni nyuzi za kiwandani. Zikate kwa mkasi mdogo kabla hujatoka nalo nje. Halafu niandikie uniambie gauni la mama lilikaaje.

Shangazi yako